Kutoka Chamani si Kutoka Dini: Maisha ya Abdulrahman Babu



Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, suala la leo sikuletewa kwa barua wala kwa simu kama tulivyozoea. Nililikuta Musoma, mkoa wa Mara, nilipoalikwa kusomesha darsa katika mtaa wa Iringo, karibu na ziwa. Usiku mmoja baada ya sala ya Isha alinifuata mzee mmoja, akaniomba tukae pembeni. Ni mtu wa asili ya Unguja, familia yake imeishi kule miaka mingi kwa biashara. Akanambia kuwa binti wa kaka yake ameposwa. Kijana aliyeposa naye ana asili ya visiwani, anasali, hana ulevi, anajitegemea kwa biashara ya dagaa, na binti amemridhia. Lakini baba wa binti amekataa. Sababu yake ni moja tu: mzee wa kijana, yaani baba wa baba yake, alikuwa mmoja wa makomredi waliotoka Hizbu mwaka 1963 wakamfuata Abdulrahman Babu. Baba wa binti anasema watu wale walikisaliti chama chao, na kwa kukisaliti chama waliisaliti dini, na damu hiyo haiingii nyumbani kwake. Mzee wake yeye alikuwa mtu wa Hizbu khasa, akanyang'anywa shamba baada ya Mapinduzi na akafungwa.

Mzee yule alitaka kujua sheria inasemaje. Nilimjibu kwa ufupi usiku ule. Lakini nimeona jibu fupi halitoshi, kwa sababu nyumba zenye maneno kama haya si moja, na nyingi zaidi ziko huku kwetu Unguja na Pemba. Vijana wetu wanarithi chuki za watu wasiowajua. Kwa hivyo nitakusimulieni kwanza maisha ya mtu mwenyewe, kisha tuangalie wazee wetu walimlaumu kwa lipi, wapi walikuwa na haki na wapi walivuka mpaka, halafu tuirudie posa ya Iringo.

Kukua kwake na safari ya Uingereza

Abdulrahman Muhammad Babu alizaliwa Zanzibar tarehe 22 Septemba 1924. Alikulia katika mji uliochanganya watu wa kila asili: Waswahili wa visiwani, Wangazija, Waarabu wa Oman na Hadhramaut, Wahindi, na watu wa bara. Alisoma skuli za hapa, akafanya kazi ya ukarani katika shirika la karafuu. Kazi ile si ndogo kwa mtu mwenye macho. Karani wa mizani anamuona mkulima akileta gunia lake, anamuona tajiri anayemdai mkulima yule, na anajua kila mmoja anaondoka na kiasi gani.

Mwaka 1951 alikwenda Uingereza. Huko alisoma, akafanya kazi posta, na akaingia katika harakati za watu waliopigania makoloni yaachwe huru. Alikutana na Waafrika na Waasia wenye kiu kama yake. Huko pia ndiko alikozama katika fikra za ujamaa wa Karl Marx, na fikra hizo hazikumtoka mpaka mwisho wa umri wake. Tuliseme hili mapema bila ya kulificha, kwani ndilo lililozaa nusu ya lawama zilizofuata.

Katika Hizbu

Alirudi Zanzibar mwaka 1957. Chama cha Zanzibar Nationalist Party, ambacho wazee wetu walikiita Hizbu, kilikuwa na umri wa miaka miwili tu. Uchaguzi wa mwanzo ulifanyika Julai mwaka ule, viti vya kuchaguliwa vilikuwa 6, na Hizbu haikupata hata kimoja. Kiongozi wake mkubwa, Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani, mwalimu na mhariri wa gazeti la Mwongozi, alishindwa mjini na Mzee Abeid Amani Karume. Chama kilikuwa kimelala chini, na Babu ndiye aliyepewa ukatibu mkuu akiinue.

Hata waliomchukia baadaye hawakuweza kuikana kazi aliyoifanya. Alijenga matawi mjini na mashamba. Alipanga vijana, akapanga wafanyakazi na vyama vyao, akaanzisha madarasa ya watu wazima. Alisafiri kutafuta marafiki nje. Mwishoni mwa mwaka 1958 alikuwa Accra katika mkutano wa vyama vya Afrika nzima, kisha akafika China, na vijana wa chama wakapelekwa kusoma Misri na kwengineko. Uchaguzi wa Juni 1961 Hizbu ilipata viti 10 sawa na Afro-Shirazi, na kwa kuungana na ZPPP ya Sheikh Muhammad Shamte, iliyokuwa na viti 3, ikaunda serikali.

Lakini ushindi ule haukuwa na raha. Siku za uchaguzi ule zilimwagika damu, na watu 68 waliuawa. Zama hizo za siasa, kama wazee wanavyoziita, zilitugawa vibaya. Watu walisusiana maduka. Wakulima walifukuzwa kwenye mashamba ya watu kwa sababu ya kadi za vyama. Jirani hakwenda harusini kwa jirani, na ubaya zaidi, hakwenda mazikoni. Nakuombeni muliweke jambo hili akilini, kwani ndipo ulipoanza ugonjwa ninaouzungumza.

Mwaka 1962 serikali ya Kiingereza ilimshitaki Babu kwa uchochezi, kwa sababu ya yaliyochapishwa katika jarida lake, akahukumiwa kifungo cha miezi 15. Chama chake ndicho kilichokuwemo serikalini. Alitoka jela mwaka 1963 akiwa na dhana nzito moyoni kuwa wenzake hawakumpigania kama ilivyostahiki, na wengine waliona raha alipokuwa ndani.

Kutoka kwake

Juni 1963, wiki chache kabla ya uchaguzi wa mwisho kabla ya uhuru, Hizbu ilikutana kupanga wagombea. Babu na wenzake walitaka chama kisimamishe watu wa asili tofauti, kiwape nafasi wafanyakazi na vijana, na kiache kutegemea ukubwa wa nasaba. Uongozi haukukubaliana nao. Hoja ya uongozi nayo ilikuwa na uzito wake: uchaguzi uko mlangoni, kila jimbo lina watu wake, na chama hakiwezi kujigeuza katika siku chache kwa ajili ya kundi moja. Pia walihofia siasa za Babu. Waliona anakivuta chama cha watu wanaosali na kufunga kuelekea kwa dola zisizomkiri Mungu.

Babu alijiuzulu. Alitoka na vijana na baadhi ya viongozi wa wafanyakazi, wakaunda chama cha Umma. Watu wakawaita makomredi.

Uchaguzi ulifanyika Julai. Afro-Shirazi ilipata kura asilimia 54 lakini viti 13. Hizbu ilipata 12 na ZPPP 6, na hao wawili wakaunda serikali chini ya Sheikh Shamte. Uhuru ulikuja tarehe 10 Disemba 1963, Sultan Jamshid akiwa mfalme. Mapema Januari 1964 serikali ikakipiga marufuku chama cha Umma, na Babu akakimbilia Dar es Salaam.

Baada ya Mapinduzi

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 serikali ile ilipinduliwa. Babu hakuwepo Unguja saa ya kwanza, lakini makomredi wake walikuwepo na waliingia katika kazi ile, baadhi yao wakiwa na mafunzo ya kijeshi waliyoyapata Cuba. Babu alirejea mara tu, akafanywa Waziri wa Mambo ya Nje. Chama cha Umma kikavunjwa na watu wake wakaingia Afro-Shirazi.

Hapa lazima nisimame, kwani mtu anayesimulia maisha ya Babu na kuiruka sehemu hii hatendi haki kwa waliodhulumiwa. Watu wengi waliuawa siku zile, wakiwemo wanyonge wasiokuwa na chama wala cheo. Mashamba na majumba yalichukuliwa. Viongozi wa serikali iliyopinduliwa walifungwa bara bila ya kuhukumiwa, na Sheikh Ali Muhsin alikaa jela karibu miaka 10. Familia zilikimbilia Mombasa, Dar es Salaam, Oman, Misri na Uingereza. Babu alikuwa mjumbe wa Baraza la Mapinduzi na waziri. Hakuwa peke yake, na wala si yeye aliyekuwa na kauli ya mwisho, lakini alikuwemo.

Muungano na Tanganyika ulipofungwa Aprili 1964 alikuwa safarini nje ya nchi. Mwalimu Nyerere alimchukua katika serikali ya Muungano, akashika wizara mbali mbali, zikiwemo za biashara na za mipango ya uchumi. Alikuwa miongoni mwa waliofungua mlango wa uhusiano na China. Lakini hata ndani ya chama kipya hakutulia. Hakukubaliana na namna uchumi ulivyokuwa ukiendeshwa na hakujua kunyamaza. Mwanzoni mwa mwaka 1972 Mwalimu alimtoa katika baraza la mawaziri.

Jela na hukumu ya kifo

Tarehe 7 Aprili 1972 Mzee Karume aliuawa kwa risasi katika makao makuu ya chama, Kisiwandui. Baada ya siku chache Babu alikamatwa bara pamoja na makomredi wengi. Zanzibar ilifungua kesi ya uhaini. Washitakiwa hawakuwa na mawakili wa kuwatetea kama inavyojulikana katika mahakama nyengine, na wengi waliotoa maelezo walikuwa katika hali isiyomfanya mtu awe huru kusema anachotaka. Babu alihukumiwa kifo hali ya kuwa hayupo mbele ya mahakama, kwani Mwalimu alikataa kumleta Zanzibar. Alibaki jela za bara mpaka mwaka 1978 alipoachiwa. Jumla ni miaka 6.

Angalia, ndugu yangu, Mwenyezi Mungu anavyozigeuza siku baina ya watu. Ali Muhsin alifungwa bara na dola ambayo Babu alikuwa waziri wake. Kisha Babu naye akafungwa bara na dola ile ile. Wawili waliokuwa kiongozi na katibu wa chama kimoja, wakahasimiana, kila mmoja alionja jela bila ya haki kusimama mbele yake. Kila mmoja akaandika kitabu chake na kutoa hoja zake. Na kila mmoja akaishia kuishi ughaibuni.

Mwisho wake

Babu aliondoka nchini, akasomesha vyuo vikuu Marekani na Uingereza. Mwaka 1981 kilichapishwa kitabu chake kuhusu ujamaa na Afrika, kilichoukosoa ujamaa wa Tanzania. Alikuwa akiandika magazetini na kuipinga mifumo ya chama kimoja. Wapo waliomkumbusha kuwa na yeye aliwahi kukaa katika serikali ya chama kimoja, na ukumbusho huo ulikuwa wa haki.

Vyama vingi viliporudi, mwaka 1995 alirejea. Chama cha NCCR-Mageuzi kilimteua awe mgombea mwenza wa Augustine Mrema, ambaye naye alikuwa waziri wa CCM akahama. Jina la Babu halikupitishwa, akazuiliwa kugombea. Watu wa Mara wanaukumbuka mwaka ule vizuri, kwani wimbi hilo hilo liliwapitia. Jimbo la Bunda lilitangazwa kuwa la NCCR, kisha mahakama ikautengua ushindi. Wapo wazee wa Musoma waliowaita wahamaji wale majina yale yale ambayo wazee wa Unguja waliwaita makomredi mwaka 1963: wasaliti, wenye tamaa, wasio na shukurani.

Tarehe 5 Agosti 1996 Abdulrahman Babu alifariki London, akiwa na umri wa miaka 71. Alirejeshwa Zanzibar, akazikwa katika ardhi aliyozaliwa.

Lawama za wazee wetu

Sasa tupime. Mimi si mtu wa kuwadharau wazee wa Hizbu. Nimelelewa nao, na nimesoma mbele ya masheikh waliokuwa wanachama wake. Lawama zao kwa Babu zilikuwa nne.

Ya kwanza ni wakati aliotoka. Walisema mtu aliyekula, akalala na kusafiri kwa jina la chama miaka 6 hatoki wiki chache kabla ya uchaguzi. Lawama hii ina sehemu ya haki. Dini yetu inatufunza kutimiza ahadi, na inatufunza kuwa vikao ni amana. Aliyekuwa katibu anazijua siri za wenzake, na akitoka hana ruhusa ya kuzifanya silaha. Lakini vile vile mtu hawajibiki kubaki katika jambo ambalo dhamiri yake imeshalikataa, ati kwa sababu tarehe ni mbaya. Wajibu wake ni kutoka kwa uwazi na bila ya khiyana. Babu alijiuzulu hadharani. Hilo ni bora kuliko yule anayebaki ndani akikitoboa chombo chini chini.

Ya pili ni fikra zake. Walisema amechukua mafundisho ya watu wanaomkana Mola. Hapa nasema wazi kuwa wazee walikuwa na haki ya kuonya. Itikadi inayomhesabu binadamu kuwa ni tumbo na kazi tu, ikamtoa Mungu katika maisha ya watu, Muislamu hawezi kuikubali. Alipotetea haki ya mkulima na mfanyakazi, haki hiyo imo katika dini yetu kabla ya Marx kuzaliwa, na hakukuwa na haja ya kuikopa huko.

Ya tatu ni yaliyotokea 1964. Lawama hii ndiyo nzito kuliko zote, na mimi sina la kuipunguza. Dhulma ya damu na mali haifutwi kwa hotuba wala kwa kitabu. Aliyeshiriki, aliyeamrisha, na aliyeweza kuzuia akanyamaza, kila mmoja atasimama na mzigo wake. Lakini uadilifu unatutaka tumhesabie mtu alilolitenda, tusimhesabie kila lililotendwa siku zile na kila mtu. Na tukumbuke kuwa kutoka chamani kulikuwa Juni 1963, na damu ilimwagika Januari 1964. Hayo ni mambo mawili. Wapo waliotoka na Babu wasiomdhuru hata kuku wa jirani, na wapo wasiowahi kuwa na Babu waliodhulumu.

Ya nne ndiyo iliyovuka mpaka. Baadhi ya wazee walisema aliyetoka Hizbu ametoka katika kundi la Waislamu. Walikifanya chama kuwa ndiyo jamaa ya Kiislamu, na kadi kuwa ndiyo baia. Hili ni kosa kubwa, na linarudiwa mpaka leo na watu wa kila chama. Chama cha siasa ni mkataba wa watu wenye rai moja kuhusu dunia yao. Unaingia kwa hiari, unatoka kwa hiari. Hakina hukumu ya Imamu wa Waislamu, na kukihama hakumtoi mtu katika Uislamu hata ncha ya ukucha. Waislamu walikuwemo Hizbu, walikuwemo Afro-Shirazi, walikuwemo ZPPP, na walikuwemo Umma. Mtume wetu (S.A.W.) ametutahadharisha kuwa mtu akimwita nduguye kafiri, neno hilo litamrudia mmoja wao. Nani miongoni mwetu yuko tayari kulipokea?

Tunayo mifano mikubwa kuliko vyama vyetu. Sayyidna Ali (R.A.) alipigwa vita na Waislamu wenzake, panga kwa panga, na bado hakuwakufurisha. Aliwahesabu kuwa ni ndugu waliomkiukia. Ikiwa vita havikuuvunja udugu, vipi uvunjwe na uchaguzi wa viti 31?

Habari ya nyumbani kwetu

Baba wa binti, nilipokutana naye siku ya pili, alinisikiliza kwa adabu zote. Kisha akaniuliza suala moja: je, mimi mwenyewe ningeoza kwa watu wale? Akanambia kuwa ni rahisi sheikh kusema, shamba halikuwa la baba yake.

Nikamwambia ukweli, na naurudia hapa kwa kuwa wengi mutaulizana. Baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Hizbu. Kaka wa mama yangu alitoka na makomredi. Walikuwa marafiki kabla ya kuwa mashemeji, na mjomba ndiye aliyepeleka posa ya baba kwa babu yangu. Tangu mwaka 1963 hawakusemeshana. Mama alikuwa akimtembelea kaka yake kwa kujificha, akipita njia ya nyuma kama mwizi. Mjomba alipofariki, mimi nikiwa kijana wa madrasa, jeneza lilipita mbele ya baraza yetu. Baba alikuwa amekaa barazani. Hakunyanyuka.

Mwaka wa mwisho wa uhai wake, baba alinitaka nimpeleke kwenye kaburi la mjomba. Alisimama pale muda mrefu, akaomba dua, akalia. Alinambia njiani tukirudi kuwa amesamehe, lakini aliyemsamehe hayupo kusikia, na kwamba hakumbuki tena ni neno gani hasa lililowagombanisha. Mtume (S.A.W.) amekataza Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu. Baba yangu alimhama shemeji yake zaidi ya miaka 20. Namuombea Mola amsamehe, na namuombea mjomba.

Jibu

Tukirudi kwenye suala, jibu ni kama ifuatavyo.

Kwanza, walii ana haki ya kuangalia, kuuliza na kuchunguza. Huo ni wajibu wake na haondolewi. Lakini kinachoangaliwa mwanzo ni dini ya kijana na tabia zake. Mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafii wametaja mambo yanayozingatiwa katika kulingana kwa mke na mume, na chama alichokifuata mzee wa kijana mwaka 1963 hakimo. Qur-ani imekariri kuwa hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwengine. Kijana huyu hakuwa hata manii katika mgongo wa baba yake siku Babu alipojiuzulu.

Pili, walii akimzuilia binti mume anayelingana naye, na binti ameridhia, bila ya sababu ya kisheria, hiyo ndiyo inayoitwa adhli, na Mwenyezi Mungu ameikataza katika Suratul Baqara. Binti ana haki ya kulipeleka jambo lake kwa kadhi. Lakini sikuwashauri waanzie huko, na simshauri yeyote aanzie huko ikiwa mlango wa mazungumzo bado uko wazi. Ndoa inayofungwa kwa baba aliyeshindwa mahakamani huanza na jeraha.

Tatu, haki za waliodhulumiwa hazifi. Mwenye kunyang'anywa ana haki ya kudai kwa njia za sheria, na ana haki ya kumshitakia Mola wake. Kusamehe ni fadhila, hakuna anayelazimishwa. Lakini mdaiwa wake ni aliyedhulumu, si mjukuu wa mtu aliyekuwa chama kimoja na aliyedhulumu.

Nne, tuache kuwatukana maiti. Tumefunzwa kuwa wao wameshayafikia waliyoyatanguliza. Historia isimuliwe, tena isimuliwe yote, pamoja na makosa kwa majina yake. Kusimulia ni jambo moja, na kulaani barazani mbele ya watoto ni jambo jengine. Babu wa Umma, Ali Muhsin wa Hizbu, Shamte wa ZPPP, Karume wa Afro, wote wameshakwenda mbele ya Hakimu asiyehitaji ushahidi wetu.

Tano, kwa wanasiasa wetu wa leo wanaotoka chama kwenda chengine, na kwa wanaowalaumu: anayetoka ajiulize ametoka kwa haki au kwa kiti, na asitoke na amana za watu. Anayelaumu alaumu kitendo, asiiguse dini ya mtu, ndoa yake wala jeneza lake.

Kabla sijaondoka Musoma wenyeji wangu walinipeleka Butiama, ambako si mbali. Pale Mwitongo ndipo alipozikwa Mwalimu Nyerere, aliyempa Babu uwaziri, akamfunga, akamnusuru na kitanzi kwa kutompeleka Zanzibar, kisha akamwachia. Wapo wanaompenda na wapo wanaomlalamikia, na huku visiwani tunawajua wa pande zote mbili. Niliangalia kaburi lile nikakumbuka kuwa hata mwenye kufunga na kufungua hufika siku akafungiwa udongo.

Baba wa binti alikuja kuniaga kituoni. Hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Aliniomba nimuandikie majina ya vitabu vya fiqhi nilivyovitaja, akaikunja karatasi akaitia katika mfuko wa kanzu. Kisha akaniuliza kama baba yangu na mjomba wamezikwa makaburi ya pahala pamoja. Nikamwambia ndiyo, ni mwendo wa hatua chache baina yao. Akatikisa kichwa, akanipa mkono, akaenda zake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azisafishe nyoyo zetu, awarehemu wazee wetu waliotangulia, awape haki waliodhulumiwa, na awajaalie vijana wetu wajenge nyumba zao juu ya taqwa.

Wabillahi tawfiq, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.